Mama Mdogo wa Maskati Naye Aitikie Amin

Nikirusha harusi mubashara, anayenishughulisha zaidi si aliye ukumbini. Ni mama mdogo wa Maskati, aliyemlea bi harusi na hakujaaliwa safari. Kwake yeye harusi ni sauti. Kasida ikikwaruza twailaumu intaneti, kumbe mara nyingi ni prosesa imeelemewa: inachanganya sauti huku inabana video.

Kwa hiyo naipunguzia mzigo mapema. Kwenye programu ya sauti napandisha bafa kutoka sampuli 128 hadi 512. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kuchelewa kama milisekunde 11 tu. Kasida zilizorekodiwa, zenye mwangwi na madoido, nazitoa faili moja tayari. Kubana video naiachia kadi ya picha, na picha yenyewe naishusha kutoka 1080 hadi 720. Picha ikififia kidogo, mama atavumilia. Dua ikikatika, hatajua wapi aitikie “Amin”.

Bi harusi mtarajiwa, muulize fundi wako haya kabla ya siku yenyewe, na mjaribu pamoja kwa saa nzima.