Vidonge 12 Vilivyobaki Mkobani

Dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaokwenda kuanza maisha ugenini.

Sisi shangazi wawili tulimsindikiza mtoto wetu kutoka Unguja hadi kwa wakwe zake Muleba. Tulilala Bukoba usiku mmoja, asubuhi tukaendelea na safari. Wiki ya pili bi harusi akashikwa na homa. Kwetu visiwani malaria imepungua sana, tukadhani ni uchovu wa harusi. Alipopimwa, kumbe malaria. Akapewa dawa mseto: vidonge 24, vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu.

Kichefuchefu kilimkatalia kula, tukampa dawa kwa chai ya rangi. Baada ya mara ya tatu homa ikakatika, na wageni walikuwa wanamsubiri. Tukasema, "Ameshapona." Vidonge 12 vilivyobaki tukavitia mkobani, viwe akiba.

Hazikupita wiki mbili, homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza.

Muuguzi alituuliza, "Mlimpa na chakula gani?" Tukanyamaza. Akatueleza kwa upole kwamba ndani ya kila kidonge mna dawa mbili. Artemeta huua vimelea wengi kwa haraka, kisha ini huivunja, na baada ya saa chache huwa imepungua sana mwilini. Hiyo ndiyo iliyoshusha homa. Lumefantrini huenda taratibu, hukaa kwenye damu siku kadhaa, na kazi yake ni kuwamaliza vimelea waliosalia. Lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huhitaji mafuta ya chakula ili utumbo uipokee. Kwa chai ya rangi, nyingi hupita tu na kutoka. Tena kila dozi hujazia iliyotangulia. Ukiacha katikati, kiasi kinachotakiwa hakifikiwi.

Kagera jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu watafiti wamekuta mkoani humo vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemeta. Hapo dawa ya pili ndiyo tegemeo.

Akaandikiwa dozi mpya, na mama mkwe akaisimamia mwenyewe: kwanza kikombe cha maziwa, ndizi za karanga kidogo, ndipo vidonge. Sisi tukakaa pembeni kwa haya. Alhamdulillahi, safari hii alipona.

Dada zetu, homa kushuka siyo kupona; malizeni vidonge. Kama siku zako zimechelewa, mwambie mhudumu kabla hujapokea dawa, usione aibu. Ukimeza kisha ukatapika, rudi ukamwambie. Na aliyefunga akiugua ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, basi asijitese.

Vile 12 tulivirudisha kituoni. Dozi iliyokatwa haiwi akiba ya mtu.

Allah awape afya na ndoa zenye heri. Amin.