Jina la Kibanda

Huko Norwei, katika wilaya ya Ringsaker, mahali paitwapo Rudshøgda, ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Prøysenhuset. Humo huonyeshwa maisha na kazi za mwandishi Alf Prøysen, na watu hukusanyika kusikiliza nyimbo zake. Karibu na hapo kimehifadhiwa kibanda alichokulia. Nimesoma habari za mtu huyu, nami napenda kuwaeleza wasomaji wenzangu kwa nini zimenigusa.

Prøysen alizaliwa tarehe 23 Julai, 1914. Wazazi wake walikuwa maskini, wakikaa katika ardhi ya mwenye shamba. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alifanya kibarua mashambani na kutunza ng'ombe. Jina alilozaliwa nalo ni Olafsen, lakini alichagua kuitwa Prøysen, ndilo jina la kibanda chao. Tena aliandika mengi kwa lahaja ya kwao, kama walivyosema vibarua wenzake, akaimba na kusimulia hadithi redioni. Watoto walimpenda, hasa kwa hadithi za bibi kizee ambaye mara kwa mara hugeuka akawa mdogo kama kijiko cha chai. Hadithi hizo zimefasiriwa katika lugha nyingi. Alifariki mwaka 1970.

Basi, bwenini mwetu swali la kwanza aulizwalo mgeni ni, "Kwenu wapi?" Wengi hutaja mji ulio karibu, wakaacha kijiji. Mimi nimezaliwa katika kambi ya vibarua wa shamba la mkonge. Nyumba si yetu, na siku baba atakapoacha kukata mkonge itatupasa kuhama. Ni vigumu kusema "kwetu" juu ya mahali ambapo hata mlango si wako. Lakini kibanda cha akina Prøysen nacho kilikuwa katika ardhi ya mwingine, na leo wageni hufunga safari kwenda kukitazama. Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa.

Jioni, kambini kwetu, wazee waliokuja zamani kutafuta kazi husimulia safari zao na siku zao za kwanza shambani, kila mmoja kwa matamshi ya kwao. Masimulizi hayo sijayaona katika kitabu chochote cha maktaba yetu, na wazee wanapungua. Likizo ijayo nitakwenda na daftari, nami nitaanza na baba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne