Saa ya Kuzamia: Ya Ghali au Ya Rahisi?

Saa ya mkono ni chombo kidogo, walakini mashauri inayoyazusha nyumbani mwa watu aghalabu ni makubwa kuliko yale yaletwayo na baiskeli au shamba. Sababu yake ni kwamba saa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwambia mwenyewe wakati. Ya pili ni kuwaambia watu wengine mwenyewe ni nani. Hakuna saa zinazochanganya kazi hizi mbili kama saa za kuzamia, yaani zile zilizotengenezwa ili zivaliwe na mtu ashukaye chini ya bahari. Wengi wazivaao hawajapata kutia kichwa majini. Leo twataka kuzipima saa hizo, ya ghali na ya rahisi, wala si kwa kusikia tu, maana jambo hili lilifika mlangoni kwetu nasi tukatakiwa shauri.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, afanya kazi Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaozamia na mitungi ya hewa ili kutazama samaki na matumbawe. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, hata akafikisha shilingi milioni tisa. Ndipo mgeni mmoja, aliyekuwa akijitayarisha kurejea kwao, akamwonyesha saa yake ya Rolex ya namna iitwayo Submariner, akasema yu tayari kumwachia kwa dola 5,000 za Marekani: alipe milioni zake tisa sasa, na baki kwa mafungu. Saa hiyo ikiwa mpya bei yake ni zaidi ya dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania. Sisi walimu twaweza kuihesabu kwa njia nyingine: ni mshahara wetu wa miaka miwili na zaidi. Kijana hakutaka kuamua peke yake. Akavuka bahari, akaja kwetu Tanga.

Kabla ya kumjibu tulitaka kujua asili ya saa zenyewe. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex, ambayo Hans Wilsdorf aliianzisha London mwaka 1905, ilitoa saa iliyofungwa barabara isipitishe maji, ikaitwa Oyster, yaani chaza. Mwaka uliofuata mwanamke wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, akaogelea nayo katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Alikaa katika maji yale ya baridi zaidi ya saa kumi, na mara hiyo hakufika ng'ambo. Lakini saa ilitoka majini ikienda sawasawa, na Wilsdorf akaitangaza habari hiyo katika ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail. Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wilsdorf aliona kuwa kizuri nacho kikitembezwa huuzwa zaidi.

Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Emile Gagnan walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kadiri avutavyo pumzi, na baada ya miaka kumi saa za kuzamia hasa zikatokea. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, na maana yake ni pima hamsini, kipimo kile kile cha mikono miwili iliyonyoshwa ambacho manahodha wa pwani yetu hupimia kina. Pima hamsini ni kama mita 91. Mwaka huo huo Rolex nao wakatengeneza Submariner ya mita 100. Mwaka 1965 Seiko wa Japani wakatoa ya kwao, ya mita 150. Leo Submariner hustahimili mita 300, na saa nyingi za Japani za bei ya chini hustahimili mita 200.

Hapo kijana akatukatiza, akasema, "Basi Mjomba, mia tatu si zaidi ya mia mbili?"

Tukamwuliza yeye hushuka mita ngapi. Akajibu kwamba wageni wengi huwapeleka mita 10 hata 30, na ya kuwa wazamiaji wa matembezi hufundishwa wasipite mita 40. Tukamfanyia hesabu kama tuifanyavyo ubaoni. Juu ya maji twabeba uzito wa hewa peke yake. Kila mita 10 za bahari huongeza mgandamizo mwingine kama huo. Kwa hiyo katika mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu. Saa ya mita 200 imewekwa kwa kina kilicho mara tano ya mpaka wake wa kazi. Mita 100 zilizozidi katika saa ya pili ni nani atakayekwenda kuzitumia?

Tena iko kanuni ya mataifa iitwayo ISO 6425. Saa itakayoitwa ya kuzamia sharti ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi kipimo chake kwa robo, na isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Kanuni hiyo haiulizi bei. Katika saa zilizoitimiza zimo za Citizen Promaster, ambazo nyingine hupata nguvu zake katika mwanga, nazo huuzwa dola 200 hata 400.

Chombo chenye maana kuliko vyote katika saa hizi ni ile pete ya nje yenye alama za dakika. Mzamiaji anapoanza kushuka huizungusha hata alama yake kuu ielekee mshale wa dakika. Akitazama baadaye hujua amekaa chini muda gani. Pete hiyo huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa na jiwe ikasogea, itaonyesha kuwa muda uliopita ni mwingi kuliko ulivyo kweli, na mtu atapanda mapema, wala hatachelewa. Siku hizi wazamiaji hutegemea kompyuta ndogo inayohesabu kina na muda, na kijana wetu anayo. Lakini chombo cha umeme chaweza kuzimika, na saa hubaki kuwa shahidi wa pili. Ushahidi huo waletwa na pete ya saa rahisi kama unavyoletwa na pete ya saa ya ghali.

Na habari ya kwenda sawasawa je? Hapa wengi hushangaa. Saa ya Rolex huendeshwa na kamani na magurudumu madogo, na wenyeji wake huahidi kuwa haitakosea zaidi ya sekunde mbili kwa siku, jambo ambalo kwa saa ya kamani ni sifa kubwa. Lakini tangu siku ya Krismasi ya mwaka 1969, Seiko walipoanza kuuza saa ya mkono iendeshwayo na kipande cha kwatsi, mambo yamegeuka. Kwatsi ya saa za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya namna hiyo hukosea yapata sekunde 15 tu kwa mwezi mzima. Atakaye wakati peke yake, basi saa rahisi humpa ulio sahihi zaidi.

Hatukusudii kwa maneno haya kuidharau saa ya ghali. Chuma chake ni kizuri, ufundi wake ni wa watu wenye subira, na ikitunzwa, ikifunguliwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, baba aweza kumwachia mwanawe. Lakini hata Wilsdorf mwenyewe alijua kwamba si kila mtu atakayeweza kuifikia. Ndiyo sababu aliweka kando jina la pili, Tudor, na mwaka 1946 akaliundia kampuni yake, ili ziuzwe saa za kuaminika kwa bei ya chini. Miaka mingi saa za Tudor zilitumia kasha la Rolex pamoja na mashine ya bei nafuu. Na wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa, watu ambao kwao saa ilikuwa chombo cha kazi, walivaa hizo Tudor.

Tulidhani maneno yetu yamekwisha, na ya kuwa kijana ameridhika. Akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Niwie radhi, Mjomba. Hayo ya mita na sekunde nayajua, ndiyo kazi yangu. Mimi sinunui saa. Fedha zikiwa mkononi mwangu husikika mbali. Mtu akiugua, naitwa mimi. Ada ikipungua, naitwa mimi. Bati la mama likivuja, naitwa mimi. Sichukii, ndio udugu. Lakini miaka minne iliyopita nilikuwa na milioni nne za kwenda kusomea ualimu wa kuzamia, na siku ya kulipa ilipofika hazikuwapo. Saa hakuna awezaye kuniambia niikate kipande. Itakaa mkononi, na siku ya haja nitaiuza."

Wasomaji wapenzi, neno hilo lilitugusa, maana katika hao waliomwita tumo na sisi. Tuliwahi kumwomba mchango wa ada ya mtoto wetu, naye akautoa. Na kabla ya hapo sisi tulimlipia ada yake tangu kidato cha kwanza hata cha nne. Hatuoni haya kwa kutoa wala kwa kuomba. Walakini tulikiona alichokiona yeye: kijana mwenye mshahara katika ukoo kama wetu huwa kisima cha mtaa, na kisima kichotwacho na wote hakipati siku ya kujaa. Basi alikuwa hatafuti fahari. Alikuwa akitafuta mahali pa kuficha jasho lake, nayo ni haja ya haki.

Tukaona yatupasa kumjibu kwa haja hiyo, wala si kwa mita tena. Tulimwuliza, ni nani wa kuifungua saa ile na kushuhudia kuwa ni ya kweli, maana za kuiga ni nyingi na nyingine zimeigwa kwa ustadi? Hapa Tanga hatumjui. Na siku ya haja ataiuza kwa nani? Mwuzaji mwenye mgonjwa nyumbani hupewa bei aitakayo mnunuzi. Watu husema saa hizi hupanda thamani sikuzote. Lakini bei za zile zilizokwisha kuvaliwa zilipanda sana hata mwanzo wa mwaka 2022, kisha zikashuka, na wengi walionunua kileleni walipata hasara. Tena kuifungua na kuitengeneza kwa mafundi wake hugharimu mamia ya dola, nao wako mbali. Mwisho tukamwuliza kama ataivaa kazini. Akacheka, akasema, "La, Mjomba, nitaiacha sandukuni. Ikipotea baharini nitalia." Basi saa ya kuzamia ingekaa nchi kavu, na mzamiaji angeshuka bila saa.

Tukamwambia: kama wataka mahali ambapo fedha haziwezi kuombwa, lipa masomo. Ujuzi nao haukatwi kipande, wala hauibiwi njiani. Alikaa kwetu siku mbili akiwaza. Aliporudi Nungwi alilipa ada ya ualimu wa kuzamia juma hilo hilo, akanunua saa ya Kijapani ya mita 200, akamshukuru yule mgeni, naye akasafiri na saa yake.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba mambo yote yalikwisha vyema. Mabati ya dada yetu yalikuwa yakingojea akiba ile ile. Tulipojua kuwa haipo tena tuligawana gharama sisi ndugu watatu, wala hatukuweza kumaliza. Masika yote chumba kimoja kilivuja, na dada yetu akakaa akitega beseni. Hakumlaumu mwanawe wala hakutulaumu sisi. Lakini gharama ya shauri letu aliilipa yeye kwa sehemu, na haki ni kuitaja.

Kwa hiyo twawaambia vijana wenye mshahara wa kwanza na wa pili: mwenye fedha za kutosha na akanunua saa ya ghali kwa kuipenda, amenunua kitu kizuri, na asitafute udhuru wa mita mia tatu. Bali yule ambaye akiba yake ni moja tu na ajiulize kwanza anunua wakati, au jina, au maficho. Wakati ni rahisi siku hizi. Jina ni ghali, nalo husomwa na wachache mahali petu. Maficho yako mengine yaliyo bora, nasi wazee wa koo tungefanya vema kuyaheshimu, tumwulize kijana amekusudia nini kabla ya kumwambia tunahitaji nini.

Wako watakaosema kwamba tulimnyima kijana kitu alichokitamani, na kwamba mtu afanyaye kazi ngumu apaswa kuwa na kimoja cha kumfurahisha macho. Hatuwezi kuwakanusha kabisa, kwani alipokuwa akituonyesha picha ya saa ile tuliona jinsi alivyoitazama. Mwenye rai nyingine na aandike, nasi tutaisoma.