Mbwa wa Mafuriko

Babu yangu hakuwahi kumgusa mbwa kichwani. Alikuwa nao wawili au watatu kila wakati na aliwalisha kabla yeye mwenyewe hajala, lakini mkono wake na manyoya ya mbwa havikukutana. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama watu wengi wa Rufiji, na kwetu mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa babu walikula ukoko wa wali na mifupa ya kambale kwenye vifuu vyao, wakalala chini ya dungu, kibanda chake cha juu ya nguzo cha kulindia shamba. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, alikuwa akisema, na anayemlaza na njaa ataulizwa.

Dungu lenyewe lina historia. Babu alilima mpunga bondeni, karibu na mahali ambapo Mto Rufiji unaanza kugawanyika kuingia delta, ila nyumba yake ilikuwa mbali, huko mwinukoni. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde na kuwapeleka kwenye vijiji vya juu. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki, maana udongo unaoletwa na mto haupatikani kwingine. Msimu wa mpunga ukifika, familia zilirudi bondeni zikaishi miezi kadhaa kwenye madungu yaliyotawanyika, jirani akiwa mbali hata ukiita hasikii. Nguruwe pori waliingia usiku, nyani na ngedere mchana, na kiboko akiamua kupita hakuna wa kumzuia. Bila mbwa, mtu angelala macho msimu mzima na bado angevuna mabua.

Na nguruwe huvuta simba. Watu wa nje walilijua hilo vizuri mwaka 2005, watafiti walipoeleza katika jarida la Nature jinsi simba wanaofuata nguruwe mashambani wanavyokutana na binadamu aliyelala huko kulinda mazao. Sisi tulikuwa tumeshalia. Simba aliyeuawa na askari wa wanyamapori Aprili 2004 anaaminika kuwa alishaua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya ukanda wa delta ya Rufiji. Miaka ile mbwa akibweka usiku hakuna aliyemkaripia. Tulisikiliza anabweka vipi. Kwa nguruwe alibweka akikimbia mbele. Kwa simba alinyamaza, akapanda ngazi ya dungu kuja tulipo, na babu, pamoja na yote niliyosema, hakumshusha.

Mimi nilihamia mjini Kibiti kushona nguo. Mjomba alinipa mtoto wa mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, na mama akamwita Watasema, kwa sababu majirani walikuwa wameshaanza kuuliza mbwa wa nini kwa mtu asiye na shamba. Sikuwa na jibu. Mchana Watasema alilala chini ya meza ya cherehani, akisikiliza mguu wangu ukikanyaga. Jioni alinisindikiza hadi sokoni, akasimama mbali na mabucha bila kufunzwa na mtu.

Jibu lilipatikana 2017. Aprili ile polisi 8 waliuawa katika kijiji cha Mkengeni, wilayani kwetu, na wenyeviti wa vijiji na watendaji walikuwa wanauawa mmoja baada ya mwingine. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Kabla ya magharibi mji ulikuwa umefunga milango, na kila mtu alimwogopa hata anayemfahamu. Watasema alilala akiwa ameegemea mlango wangu kwa nje, na niliusikia mgongo wake ukisugua mbao alipojigeuza. Nililala kwa sauti hiyo. Ndipo nilipotambua kwamba huyu si mlinzi tu. Nilikuwa nampenda, na nalisema neno hili wazi kwa sababu kwetu mtu huona haya kulitumia kwa mbwa.

Alikufa kwa uzee, mwishoni mwa kiangazi cha 2022, miguu ya nyuma ikiwa imegoma. Nilimzika chini ya mkorosho. Kwetu msiba wa mbwa hauna matanga. Mtu haji kukaa nawe, na ukikosa kwenda kazini kwa ajili yake unaonekana umepungukiwa akili. Mzee mmoja tu wa msikitini alisimama dirishani pangu akasema, "Pole, mwanangu. Alikulinda." Akaendelea na safari yake. Nikaapa kwamba sifugi tena.

Kisha mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 hazikukatika. Aprili 2024 Rufiji ilifurika mpaka bonde lote likawa bahari, kata ya Muhoro ikazama, na huku Kibiti vijiji vya bondeni vikahama kwa mitumbwi na boti za uokoaji. Rufiji tunaishi na mafuriko: maji yakishuka tunapanda mazao ya mlau kwenye tope lililobaki. Lakini haya yalikaa. Watu walibeba watoto, magodoro, kuku waliofungwa miguu, mbuzi. Mbwa walibaki juu ya vichuguu na mapaa. Simlaumu aliyewaacha. Boti ikijaa, mtoto ndiye anayeanza. Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia pwani na mvua yake, na mbwa waliokuwa wameogelea hadi nchi kavu wakasogea mjini kutafuta makombo. Mara ikaanza ile kauli tunayoijua: wapigwe risasi, wataleta kichaa cha mbwa.

Mmoja alijikunja chini ya mkorosho wangu, jike, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika. Nilimwekea ukoko kwenye kifuu nikaondoka. Hakula. Alikibeba kipande akaenda kukifukia kwenye migomba, akarudi kuchukua kingine, na ndivyo alivyofanya kwa wiki nyingi, hata aliposhiba. Nilimjaribia majina ya mbwa wa huku, Simba, Popi, Tomi, Bosi, nione kama lipo analolijua. Hakugeuka. Nikamwita Mgeni.

Mvua ikigonga bati, Mgeni hupanda juu ya rundo la matofali uani akasimama huko, ananyeshewa, mpaka ikatike. Sikuweza kumshusha wala kumwingiza ndani. Nilichofanya ni kumjengea kibanda kwenye matofali hayohayo, juu, chenye paa la makuti. Hanifuati sokoni wala hajui meza ya cherehani, na nimeacha kumsubiri awe Watasema. Mahaba yake ni ya aina nyingine: anapoona nimekaa uani, anakuja kukaa hatua chache kando yangu, ananipa mgongo, anaangalia njia.

Mapema kabisa nilimwita bwana mifugo akamchanja Mgeni. Kauli ya kupiga risasi inasahau kilichokwisha kufanyika nchini kwetu: kati ya 2010 na 2015 ulikuwapo mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba, na wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Ukimuua mbwa aliyechanjwa, nafasi yake inashikwa na asiyechanjwa. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haimtazami mnyama kama taka ya kufagiwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa bondeni na delta, bwana mifugo akitangaza chanjo, mpelekeni hata yule asiye na mwenyewe anayelala nyuma ya banda lenu. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona dalili, kwa sababu dalili zikishatokea hakuna dawa. Na maji yakirudi, boti ikiwa na nafasi baada ya watoto na wazee, mpakieni na mbwa.