Kompyuta Iliyokataa Kufungua Kurasa

Nataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani kwetu katika masika ya mwaka 2023, nami nalieleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, huenda likawapata nanyi, na mtu akiijua njia ya kulichungua hatahangaika kama tulivyohangaika sisi. Ya pili, siku ile nalimkosea mtoto wangu, na sipendi baba mwingine afanye kama nilivyofanya mimi.

Nyumbani tunayo kompyuta ya mezani. Si mpya, nalinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Mimi huandikia masomo yangu, na watoto hujisomea. Intaneti twaipata kwa ruta ndogo yenye laini ya simu ndani yake, nayo hutufaa sana.

Binti yangu mkubwa alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, naye alikuwa katika mwaka wa pili wa kukaa bila kazi. Ikatangazwa nafasi katika shule moja, na maombi yalipokewa kwa mtandao tu. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi 15 Aprili, saa 6 usiku. Barua yake na nakala za vyeti vyake vyote vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya kompyuta ile. Jioni ya siku hiyo, baada ya kupitia barua yake mara ya mwisho, akaketi ili ayatume.

Kurasa hazikufunguka. Pembeni mwa kioo, upande wa chini, palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba mashine imeunganishwa na mtandao. Lakini kila alipoandika jina la tovuti, kivinjari kilileta ukurasa mweupe wenye maneno ya onyo kwa Kiingereza. Sisi tuliona onyo, hatukusoma onyo. Tukazima ruta, tukaiwasha. Tukazima kompyuta, tukaiwasha. Mambo yakawa yale yale, na saa zilikuwa zikienda.

Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 13, ndiye aliyeiwasha asubuhi. Nikamwita, nikamwuliza, "Umeifanya nini kompyuta hii?"

Akajibu, "Baba, nilipoiwasha ililia, ikaandika maneno meupe katika kioo cheusi, habari za saa na tarehe. Ikasema nibofye F1 ili niendelee. Nikabofya."

Katika maneno yale yote, nami sikushika ila neno moja, "nikabofya." Nikaona kwamba amekiri. Nikamwambia mbele ya dada zake kwamba yeye ni mharibifu, na kwamba dada yake akikosa kazi, watu wote wa nyumba hii watajua ni nani aliyemkosesha. Mtoto hakujitetea. Alitoka, akaenda kukaa nyuma ya jiko, na nje mvua ilikuwa ikinyunya.

Basi nikampigia simu kijana mmoja ambaye zamani nalimfundisha shuleni, naye sasa ni fundi wa kompyuta. Alifika yapata saa 2 usiku, amelowa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie, mashine imeharibika."

Nalidhani atafungua mara moja na kuanza kazi, lakini hakugusa kitu. Aliuliza kwanza: imeanza lini? Jana ilikuwaje? Je, simu iliyoshika mtandao wa ruta hii hii inafungua kurasa? Tukajaribu kwa simu ya mama watoto, zikafunguka. Akasema, "Basi ruta ni nzima, na kifurushi hakijakwisha. Tumekwisha kuondoa mambo mawili bila kufungua skrubu hata moja."

Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika neno ping na namba 8.8.8.8. Namba hiyo ni ya kampuni ya Google, nayo tangu mwaka 2009 hujibu watu wote wanaotaka kutafsiriwa majina ya tovuti. Majibu yakarudi mara moja. Akasema, "Mashine yako inatoka nje na kurudi. Njia iko wazi."

Akaandika tena ping, mara hii na jina la tovuti mahali pa namba. Majibu yakarudi pia. Hapo akanieleza jambo nililokuwa silijui. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zajuana kwa namba. Sisi twaandika jina, nayo mashine huuliza katika daftari kubwa la mtandao ili ipewe namba ya jina hilo. Zamani orodha ya majina yote ilikuwa faili moja, ikitunzwa katika taasisi ya uchunguzi ya Stanford huko California, Marekani. Majina yalipozidi, Paul Mockapetris akabuni mwaka 1983 utaratibu wa kuligawa daftari hilo katika mashine nyingi, nao ndio utumikao hata leo. Daftari lisipopatikana, mtu atakuwa na mtandao na asifungue ukurasa hata mmoja. Maana mashine itakuwa kama mgeni aliyefika mjini akijua jina la mwenyeji wake tu, asijue nyumba. Lakini kwetu daftari lilijibu. Basi kosa halikuwa hapo.

Ndipo yule fundi akasoma lile onyo, polepole, tangu mwanzo hata mwisho. Akatabasamu, akaniuliza, "Mwalimu, leo ni tarehe gani?"

Nikamwambia, "15 Aprili 2023."

Akaweka kidole pembeni mwa kioo, chini. Tukatazama sote. Kompyuta yetu ilisema ni tarehe 1 Januari 2010.

Nikamwuliza, "Saa kukosea kwawezaje kuzuia kurasa?" Akanijibu hivi. Tovuti nyingi sana siku hizi hazifunguki mpaka zionyeshe hati yao. Hati hiyo huthibitisha kwamba aliye mbele yako ndiye mwenye jina lile, wala si mwizi aliyejiweka katikati ili akusomee siri zako. Kila hati ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Shirika la Let's Encrypt, lilipoanza mwaka 2015 kuwapa watu wote hati hizo bure, lilizitoa kwa muda wa siku 90 tu. Basi kivinjari huisoma hati, kisha hutazama saa ya kompyuta yake mwenyewe. Mashine inayodhani kwamba ni mwaka 2010 ikipewa hati iliyoanza mwaka 2023, husema, "Hati hii siku yake haijafika," nayo hukataa. Ni kama bawabu mwaminifu mwenye kalenda ya zamani: huwafukuza mlangoni wageni wote wenye barua halali, huku akiamini kwamba anailinda nyumba.

Akauliza tena, "Je, tangu jana kuna mtu aliyechomoa waya wa umeme ukutani?"

Ndugu zangu, palikuwa na ngurumo usiku wa Ijumaa, nami kwa kuogopa radi nalichomoa waya kwa mkono wangu mwenyewe. Sikukosea kufanya hivyo. Lakini ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, aghalabu aina iitwayo CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa, kisha hufa. Ya kwetu ilikuwa imekufa. Umeme ulipoondoka, saa ikapotea. Na asubuhi mashine ilipowashwa, ililia na kueleza kwa maneno kwamba saa na tarehe zimepotea. Yaani ilisema yale yale aliyoniambia mwanangu.

Fundi akarekebisha mwaka, mwezi, siku na saa. Hapo nami nilikaribia kumpotosha, maana nalimwambia aandike 3, kwa kuwa ilikuwa saa 3 usiku kwa hesabu yetu. Naye akacheka, akaandika 21:00. Akaangalia pia kwamba mashine imewekewa saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3. Kisha akafunga kivinjari, akakifungua tena. Ukurasa ukaja.

Wakati binti yangu alipoanza kujaza maombi yake, nilitoka nje. Nalimkuta mwanangu ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya upenu. Nikamwambia, "Mwanangu, ulinieleza kweli, nami sikukusikiliza. Waya naliuchomoa mimi. Unisamehe." Hakusema kitu kwa kitambo, kisha akauliza, "Dada amekwisha kupeleka?" Nikamwambia bado kidogo. Na kwa kuwa nalimwaibisha mbele ya dada zake, nikamwingiza ndani na kuyasema maneno yale yale mbele yao. Sitaficha kwamba yalikuwa mazito kinywani. Sisi wazazi tumezoea kuombwa radhi, hatukuzoea kuomba.

Maombi yalikwenda saa 4 na nusu usiku. Kazi ile binti yangu hakuipata. Alipata nyingine mwaka uliofuata. Lakini usiku ule hatukujua hayo, na kama angaliikosa kwa sababu ya saa ya mashine, naamini mimi ningaliendelea kumhesabia kosa mdogo wake mpaka leo.

Sasa nitaandika kwa ufupi njia aliyonifundisha yule fundi, ili mtu aikate na kuibandika karibu na mashine yake. Kompyuta ikisema imeunganishwa na mtandao, lakini kurasa hazifunguki, kwanza soma onyo lote. Ukishindwa na lugha, mwite anayeijua akusomee. Pili, jaribu kifaa kingine katika mtandao ule ule. Nacho kikishindwa, kosa li katika ruta au laini, au kifurushi kimekwisha; maana alama ya kuunganishwa mara nyingine huonyesha tu kwamba umefika kwenye ruta, wala si kwamba umevuka kwenda nje. Tatu, jaribu namba, kisha jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, kosa li katika daftari la majina, na huenda ukapona ukiielekeza mashine yako itumie daftari la 8.8.8.8 au la 1.1.1.1. Nne, vyote viwili vikijibu, tazama tarehe na mwaka. Tano, tarehe ikiwa sawa, jaribu kivinjari kingine, kisha tazama kama kuna programu ya kinga, au mpangilio wa kupitishia kurasa kwenye mashine nyingine, unaozuia.

Tena msijaribu kulipita onyo kwa nguvu kwa kubofya neno la kuendelea. Saa ikiwa mbovu, rekebisheni saa; maana siku nyingine onyo lile lile litakuwa la kweli, na mwizi atakuwa amesimama hapo katikati.

Jumatatu nalinunua betri mpya mjini, na bei yake haikufika bei ya kilo moja ya sukari. Mwanangu ndiye aliyeitia. Tulizima mashine na kuchomoa waya kwanza, nami nalimshikia taa.