Kijiji cha utotoni mwa baba kimehama, mtoto aonyeshwe nini?

Mzazi aliyezaliwa Shinyanga au Geita na sasa anaishi London, Toronto au Muscat, ipo siku ataulizwa na mtoto wake: “Baba, kwenu hasa ni wapi?” Wengi hujibu kwa kukata tiketi, wakasubiri likizo ya shule. Ugumu huanza ndege ikishatua Mwanza, kwa sababu katika ukanda huu kijiji cha utotoni mara nyingi hakipo pale mzazi alipokiacha.

Sababu ya kwanza ni Operesheni Vijiji. Zamani Wasukuma waliishi kwa kutawanyika, kila mji na mashamba na malisho yake. Mwaka 1974 operesheni ilipofika Shinyanga, familia zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zikapangwa kwa mistari. Nyuma yalibaki mahame: kuta zilizoanguka, miti, mawe ya kusagia na makaburi. Baadaye baadhi ya watu walirudi kwenye maeneo yao ya awali, wengine hawakurudi. Kwa hiyo baba aliyekuwa na miaka 10 wakati ule ana vijiji viwili, alikozaliwa na alikohamishiwa, na mtoto anastahili kuoneshwa vyote.

Sababu ya pili ni dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 2000 ulianza mgodi mkubwa wa kisasa, na mwaka uliofuata ukafuata ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama. Kati ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo ambao huhama kufuata mahali dhahabu inapotoka. Kilima alichochungia baba mbuzi huenda leo kiko ndani ya uzio, au kimekuwa shimo. Hata jina la mkoa limebadilika. Geita ilikuwa sehemu ya Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, hivyo cheti cha kuzaliwa cha baba na kibao cha barabarani vinaweza kutaja mikoa tofauti.

Lakini si kila badiliko ni hasara. Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwanza kupambana na mbung’o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na wanakijiji wakarudia desturi yao ya ngitili: kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili nyasi na miti vichipue, na kulifungua kiangazi kwa ajili ya ndama na ng’ombe dhaifu. Mzazi aliyeondoka akiacha vumbi anaweza kukuta kivuli. Hilo ni somo zuri kwa mtoto anayesikia habari za mabadiliko ya tabianchi darasani.

Safari yenyewe nayo imekuwa nyepesi. Kutoka Mwanza kwenda Geita, wasafiri walikuwa wakipanga foleni Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la takribani kilomita tatu, kwa dakika chache tu.

Maandalizi makubwa zaidi ni ya adabu. Mtoto afundishwe mapema salamu ya asubuhi ya Kisukuma, “Ng’wangaluka”, na ajue kwamba salamu huku haina haraka: huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za ng’ombe. Aambiwe pia kuhusu utani wa bibi na mjukuu. Mvulana wa miaka 9 akiitwa “mume wangu” na bibi asiyemjua anaweza kutafuta pa kujificha, kumbe ndiyo amekaribishwa. Na akiletewa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, au ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa mgando, aonje kabla ya kuuliza ni nini.

Usalama usisahaulike. Malaria ipo, kwa hiyo wazazi waonane na daktari kabla ya kuondoka na watoto walale ndani ya chandarua. Kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, mashimo ya maduara ya zamani huweza kuachwa wazi, na zebaki inayotumika kukamata dhahabu ni sumu, hasa inapochomwa na kutoa mvuke. Watoto wakae mbali na mialo, hata kama binamu zao wanapita hapo kila siku.

Familia zinazokuta kijiji kimehama haziko peke yake. Barack Obama alipokwenda Kenya mwaka 1988, kabla ya kuanza masomo ya sheria Harvard, alifika Kogelo na kulia kwenye kaburi la baba yake. Lakini baba huyo hakuzaliwa Kogelo. Alizaliwa karibu na Kendu Bay, kandokando ya ziwa, na familia ikahamia Kogelo baadaye. Kwao palikuwa zaidi ya pamoja, kama ilivyo kwa wengi wa Shinyanga.

Ndiyo maana wa kumtafuta kwanza ni mzee, kabla hata ya nyumba. Mtu anayeweza kusimama katikati ya shamba la pamba na kusema “hapa palikuwa na zizi, pale alilala babu yako” kwa kawaida ana zaidi ya miaka 60. Wengi wao hawajaandika popote, na akiondoka mmoja, mipaka ya mji mzima huondoka naye. Siku mbili za ratiba zitengwe kwa ajili yake. Mtoto ndiye ashike simu na kurekodi, mzazi atafsiri, na majina ya waliozikwa pale yaandikwe kabla ya gari kuondoka.