Sentensi Moja ya Mwaka 2009

Tasnifu yangu ya uzamili ina jalada la bluu na herufi za dhahabu. Inahusu matumizi ya oksijeni kwa wakimbiaji wa masafa marefu wa Kenya. Niliwapima watu kumi na sita, wote wanaume, lakini jalada halisemi hivyo. Jambo hilo nililitaja ndani, huko ukurasa wa arobaini na kitu, kwa sentensi moja: wanawake hawakushirikishwa kwa kuwa homoni za hedhi zingevuruga matokeo.

Niliipenda sentensi hiyo. Ilinipa sura ya mtu makini. Ukweli ni kwamba mashine ya kukimbilia nilikuwa nimeiazima kwa wiki tatu tu, na mwanamke ningelazimika kumpima zaidi ya mara moja ndani ya mwezi. Tena kabla ya kumpima ningelazimika kumuuliza tarehe zake, mimi niliyelelewa nikijua kwamba mambo hayo mwanamume hayagusi. Basi aibu yangu nikaiita mbinu ya utafiti. Watahini, wanaume watupu, waliupita ukurasa ule bila swali.

Njia hiyo niliikuta imeshachongwa. Mwaka 1995 Bengt Saltin, bingwa wa fiziolojia kutoka Uswidi, na wenzake walichapisha utafiti maarufu uliolinganisha wakimbiaji wetu na wale wa Skandinavia. Kichwa chake chenyewe kinataja wavulana wa Kenya. Na hapo Tegla Loroupe alikuwa ameshashinda marathoni ya New York, Novemba 1994, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuichukua. Tulimshangilia, kisha tukarudi kupima wavulana.

Mwaka 2012 nilikuwa nikienda Iten mwishoni mwa wiki kuwashauri wakimbiaji wa kambi moja. Palikuwa na binti wa miaka ishirini na moja, mwepesi kama swala. Nilimwambia apunguze kilo tatu. Hesabu hiyo niliitoa wapi? Kwa wale wanaume wangu kumi na sita.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, kiatu kimoja kavua, anaubonyeza muundi kwa kidole gumba.

"Mwalimu, mguu huu hauponi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa. Muuguzi, mama wa makamo, ndiye aliyemuuliza nisilowahi kumuuliza: mara ya mwisho kuziona siku zake ilikuwa lini? Akajibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba ni miezi tisa sasa. Kambini walikuwa wakiambiana zikikatika ujue umeiva. Yule mama akanigeukia. "Si wewe ndiye mwalimu wao? Na hili nalo hukulijua?"

Sikulijua, ingawa lilikuwa limeandikwa. Tangu mapema miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wameshaeleza kwamba mwanamichezo asipokula kiasi cha kutosha kwa kazi anayoifanya, mwili wake hubana matumizi: hedhi hukatika, estrojeni hushuka, mifupa hudhoofika. Kitabu chenye sura hiyo kilikuwa rafuni kwangu. Niliiruka kwa kuwa ilikuwa "ya wanawake".

Binti alipoteza msimu mzima. Nilipomwomba radhi alisema, "Haidhuru, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye imemdhuru.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma nilivyoviruka. Mwaka 2021 ikatoka makala ya wanawake wanne wakiongozwa na Emma Cowley. Walipitia machapisho zaidi ya 5,000 ya sayansi ya michezo ya miaka 2014 hadi 2020. Wanawake walikuwa asilimia 34 ya washiriki wote. Tafiti zilizopima wanaume pekee zilikuwa asilimia 31, za wanawake pekee asilimia 6. Niliisoma usiku, na tasnifu yangu ya bluu ilikuwa pale pale rafuni.

Siku hizi daftari la maabara yetu lina safu ya tarehe za hedhi. Huijaza mtafiti mwenzangu wa kike, na wasichana humweleza mambo ambayo mimi nisingeyasikia hata kwa miaka kumi. Kazi imekuwa ndefu na ya gharama, sitasema uongo. Mwanariadha mmoja tunampima mara tatu pale ambapo zamani ningempima mara moja na kufunga faili.

Mwaka jana jarida moja lilinitumia makala niihakiki bila kunitajia mwandishi. Kichwa kilisema wakimbiaji wa Kenya. Ndani, wanaume kumi na wawili. Nikaandika: ama waongezwe wanawake, ama neno "wanaume" lipande kwenye kichwa. Jibu likarudi na ukali wa kiungwana. Utaratibu huo ni wa kawaida, mwandishi alisema, kwa kuwa homoni za hedhi huvuruga matokeo, kama ilivyokwisha kuelezwa. Kisha akafungua mabano, akaweka jina langu na mwaka 2009.